Maktaba za Seminari Zifunguliwe Msimu wa Udahili



Matokeo ya kidato cha sita hutoka mwezi Julai. Kuanzia siku hiyo hadi vyuo vinapofunguliwa, Oktoba au Novemba, familia nyingi huishi msimu ambao haumo katika kalenda ya liturujia wala ya kilimo. Huku Kabasa, katika Halmashauri ya Mji wa Bunda, utausikia nje ya kanisa mara tu Misa inapokwisha. Mama anamuuliza frateri kama "dirisha" limeshafunguliwa. Baba anauliza kama ni kweli fomu ya mkopo lazima ipite kwa wakili. Kijana mwenyewe amesimama pembeni na simu yenye kioo kilichopasuka, akihangaika kufungua waraka wa kurasa mamia kwa bando la shilingi mia tano.

Watu wanatuuliza sisi mafrateri kwa sababu wanaamini kwamba mtu aliye masomoni anajua njia. Wakati mwingine tunajua, wakati mwingine tunabahatisha. Mimi nasoma falsafa, nina miaka 25, na likizo zangu za kichungaji zimenipa nafasi ya kukaa na vijana hawa wakati ule ule wanapofanya uamuzi utakaowafuata miaka mitatu, minne au mitano. Hoja yangu ni moja. Vijana wetu wanachagua kozi kabla hawajawahi kukaa katika maktaba ya maana hata siku moja, na Kanisa, ambalo lina maktaba, linazifunga miezi ile ile ambayo wanazihitaji zaidi. Naomba zifunguliwe.

Kwa faida ya wazazi ambao hawakupita njia hii, nieleze jinsi mambo yanavyokwenda. Msimamizi ni Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, TCU, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2005. Kuanzia mwaka 2010 maombi yalipitia mfumo mmoja wa pamoja: kijana alijaza machaguo yake mahali pamoja, kisha akasubiri apangiwe. Mwaka 2017 utaratibu huo uliachwa na waombaji wakarudishwa kuomba moja kwa moja chuoni. Sasa TCU hutoa mwongozo kila mwaka ukionyesha kila chuo kina kozi gani na kila kozi inataka sifa gani. Hufungua awamu ya kwanza, kisha ya pili, na ikibidi ya tatu. Kijana anaweza kuomba vyuo vitatu akachaguliwa vyote vitatu. Hapo ndipo hutumiwa namba maalumu ya siri kwa ujumbe wa simu au barua pepe ili athibitishe chuo kimoja tu na kuwaachia wengine nafasi zilizobaki. Asipothibitisha kwa wakati, nafasi inamponyoka.

Sifa ya chini ya kuingia shahada ya kwanza kwa mhitimu wa kidato cha sita ni prinsipo mbili zenye jumla ya pointi 4, ambapo A ni 5, B ni 4, C ni 3, D ni 2 na E ni 1. D mbili zinatosha. Lakini hiyo ni sifa ya kupita getini tu, kwa sababu kila kozi ina masharti yake. Aliyesoma CBG, yaani Kemia, Biolojia na Jiografia, hawezi kuingia udaktari wa binadamu hata akipata A tatu, kwa kuwa kozi hiyo inataka Fizikia. Nimekutana na vijana waliolijua hilo baada ya kulipia maombi.

Tena malipo yenyewe si madogo kwa mkulima. Ada ya maombi kwa vyuo vingi ni shilingi 10,000, na anayeomba vyuo vitatu ameshatoa 30,000. Bodi ya Mikopo nayo imekuwa ikitoza 30,000 kwa ombi. Hapo tumefika 60,000, na bado hatujahesabu uhakiki wa cheti cha kuzaliwa kupitia RITA, wakili wa kugonga muhuri, picha, nauli ya kwenda na kurudi mjini na ujira wa mwenye steshenari.

Huyu mwenye steshenari nataka nikae naye kidogo, kwa sababu ndiye mshauri mkuu wa elimu ya juu katika wilaya zetu, ingawa hakuna aliyemteua. Ana kompyuta, ana printa, ana foleni. Kijana anafika na namba yake ya mtihani na elfu kumi yake. Anaulizwa, "Unataka kozi gani?" Anajibu, "Yoyote yenye mkopo." Ndani ya dakika kumi machaguo yamejazwa, mara nyingi yakifanana na ya aliyetangulia kwenye kiti. Barua pepe inafunguliwa hapo hapo na namba ya siri inaandikwa nyuma ya risiti. Binti mmoja wa jumuiya ya jirani alikuta kwamba simu iliyoandikwa katika maombi yake si yake wala ya mzazi wake, ni ya mtu aliyemjazia, na laini hiyo haikuwa hewani tena siku namba ya kuthibitisha ilipotumwa. Alizungushwa siku nne kabla hajapata ufumbuzi.

Simlaumu mwenye steshenari. Yeye anauza huduma ya kuchapa, nasi tumemgeuza kuwa mlezi. Mtakatifu Thoma wa Akwino, anapozungumzia matendo ya binadamu, anasema shauri ni aina ya uchunguzi, na kwamba uchunguzi huo unahitajika hasa katika mambo yasiyo na uhakika. Mahali pengine, akieleza sehemu za busara, anaweka humo utayari wa kufundishwa na wengine, kwa kuwa hakuna mtu mmoja awezaye kuyaona mambo yote kwa muda mfupi. Dakika kumi kwenye kiti cha plastiki, nyuma yako wakisubiri wenzako saba, haziwezi kuitwa shauri kwa maana hiyo. Hakuna kilichochunguzwa.

Sasa niingie kwenye maktaba.

Tunapoulizana kuhusu vyuo, maswali yetu ni yale yale: Kozi ina mkopo? Hosteli zipo? Ada kiasi gani? Ukimaliza kuna ajira? Ni maswali halali, nami nayauliza. Lakini sijawahi kumsikia mzazi au kijana akiuliza: maktaba yao ikoje? Inafunguliwa mpaka saa ngapi? Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza anaruhusiwa kuazima vitabu vingapi? Ukiwa bwenini unaweza kuingia kwenye majarida ya mtandaoni au mpaka uwe ndani ya jengo? TCU yenyewe inapopima ubora wa chuo hutazama maktaba. Sisi tunaopeleka watoto hatuitazami.

Ukiuliza, utagundua tofauti kubwa. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilizinduliwa maktaba mpya Novemba 2018, iliyojengwa kwa msaada wa China, yenye uwezo wa kuchukua wasomaji 2,100 kwa wakati mmoja na kuhifadhi vitabu 800,000. Kuna vyuo vingine ambavyo maktaba ni ukumbi mmoja, na nakala tatu za kitabu cha kiada hugombaniwa na darasa la watu mia tatu. Kati ya hizo mbili kuna ngazi nyingi. Jirani zetu wa Mwanza wana Chuo Kikuu cha Mtakatifu Agustino, SAUT, mali ya Baraza la Maaskofu, kilichoanza kama chuo kikuu mwaka 1998 juu ya misingi ya chuo cha Nyegezi cha mwaka 1960. Hapa kwetu Butiama kinajengeka Chuo Kikuu cha Kilimo na Teknolojia cha Mwalimu Julius K. Nyerere. Kijana wa Bunda ana pa kuchagua kuliko kaka zake wa zamani, ila hajafundishwa cha kuangalia.

Mtu asidhani kwamba akishaingia chuoni tatizo linajitatua. Waulizeni walioko vyuoni jinsi wengi wanavyosoma. Kuna neno "desa": notisi za mwalimu au za wanafunzi wa mwaka uliopita, zilizotolewa kopi, zikatolewa kopi tena, mpaka maandishi ya pembeni yamefifia. Mwanafunzi anaweza kupiga msuli usiku kucha kwenye vimbweta, akafaulu mtihani kwa madesa matupu, akahitimu bila kusoma kitabu kimoja kutoka jalada hadi jalada. Wengine mbinu hiyo inawashinda mapema. Mwaka wa kwanza wanapata sapu, mwaka wa pili wanadisko, na mkopo waliokwisha kuuchukua unabaki kuwa deni. Nyumbani husemwa amelogwa. Ukimsikiliza mwenyewe anakuambia kwamba mara ya kwanza alipoambiwa aandike kazi ya kurasa kumi yenye marejeo ya vitabu sita, hakujua kitabu kinatafutwaje katika rafu.

Kutafuta kitabu katika rafu si jambo la kuzaliwa nalo. Kuna mfumo wa Dewey, uliotungwa na Mmarekani mwaka 1876, unaogawa maarifa yote katika makundi kumi: 100 ni falsafa, 200 ni dini, 300 sayansi za jamii, 500 sayansi asilia, 600 teknolojia, na kadhalika. (Kwa wenzangu wa falsafa: Ukristo umepewa karibu 200 yote, dini za jadi za Afrika zimebanwa kwenye 299.6, na falsafa ya Afrika iko kule mwisho kabisa, 199.6. Siku moja mtu aandike makala juu ya hilo peke yake.) Vyuo vikuu vingine hutumia mfumo wa maktaba ya Bunge la Marekani, wenye herufi na namba. Kuna katalogi, siku hizi ya kompyuta. Kuna faharasa nyuma ya kitabu, ambayo inakuokoa kusoma kurasa 400 ukitafuta jambo moja. Kuna chumba cha vitabu vya akiba ambavyo huazimwa kwa saa chache tu kwa sababu vinahitajiwa na wengi. Na kuna mambo ambayo hata wanafunzi wa mwaka wa tatu hawayajui, kama mpango wa Research4Life, unaozipa taasisi za nchi zenye kipato kidogo maelfu ya majarida ya kitaaluma bure au kwa bei ndogo. Chuo kinaweza kuwa kimejisajili na mwanafunzi wake akahitimu bila kuambiwa na mtu.

Sisi mafrateri tumebahatika kufundishwa mambo haya kwa lazima. Ratiba ya seminari ina saa za masomo binafsi, kengele inalia, unakaa na kitabu hata kama hutaki. Mtakatifu Benedikto katika Kanuni yake aliagiza kila mmonaki apewe kitabu mwanzoni mwa Kwaresima akisome chote kwa mpangilio, tena mzee mmoja au wawili wapite kuangalia kama kuna ndugu anayepiga soga badala ya kusoma. Naukumbuka utaratibu huo kila nikiona baadhi yetu tunavyosinzia maktabani baada ya maharage ya mchana. Hata hivyo, sinzia usinzie, baada ya mwaka mmoja macho yamezoea kitabu kirefu cha Kiingereza. Kijana wa kidato cha sita, ambaye mara nyingi ana akili kutuzidi, hakupewa zoezi hilo. Amesoma kwa maswali na majibu ya mitihani iliyopita.

Mwezi Mei anamaliza mtihani wa taifa. Kuanzia hapo hadi chuo kifunguliwe kuna miezi mitano au sita. Wa kike huchota maji na kuuza genge la mama; wa kiume huendesha bodaboda ya mtu au kwenda ziwani. Kazi hizo ni njema, zinaleta ada. Ila katika miezi hiyo yote hakuna mahali anapoalikwa kuendelea kusoma. Na ndiyo miezi ambayo mafrateri tumerudi majimboni, taa za maktaba za seminari zimezimwa, viti vimepandishwa juu ya meza, na vitabu vinasomwa na mchwa.

Ombi langu kwa magombera, walezi na wakutubi wa nyumba zetu ni hili: kuanzia mwisho wa Juni hadi mwisho wa Septemba, maktaba ya seminari ifunguliwe siku tatu kwa wiki, saa tatu asubuhi hadi saa tisa alasiri, kwa wahitimu wa kidato cha sita wa parokia za jirani. Wasome hapo hapo bila kuazima. Waache kitambulisho mlangoni. Awepo frateri mmoja au wawili, ambao sehemu ya kazi yao ya kichungaji iwe ni hii. Kompyuta moja iwekwe kwa ajili ya mwongozo wa TCU na maombi yenyewe, na kijana ajaze kwa mkono wake, kwa barua pepe yake, kwa namba ya simu ya nyumbani kwao. Kabla ya kujaza, asome kwanza. Anayetaka sosholojia apewe kitabu cha utangulizi wa sosholojia akae nacho siku mbili aone kama kweli ni hicho. Anayetaka sheria ajaribu kurasa hamsini za sheria. Najua maktaba zetu hazina vitabu vya uhandisi wala vya uuguzi. Lakini zina saikolojia, historia, uchumi kidogo, lugha, elimu na maadili, na kijana wa PCM akijifunza humo kutumia katalogi na faharasa, ujuzi huo ataubeba mpaka kwenye maktaba ya uhandisi.

Ndipo maswali yanapobadilika. Wakati wa likizo iliyopita niliwapitisha vijana watano wa kigango chetu katika mwongozo, ukurasa kwa ukurasa, tukiwa na kabati la vitabu vya paroko na daftari. Mmoja, wa HGL, aliyekuja akijua kozi mbili tu duniani, ualimu na sheria, alisimama kwenye orodha akauliza, "Frateri, mipango miji ni nini?" Kisha akauliza, "Na takwimu za watu, ile wanayohesabu sensa, nayo inasomewa?" Sikuwa na kitabu cha kumpa. Nilimweleza nilichokijua, kidogo mno. Maktaba yenye kitabu kimoja tu cha jiografia ya watu ingemfaa kuliko mimi.

Wapo watakaosema hii ni kazi ya serikali, na kwa sehemu wana haki. Nchi hii iliwahi kulichukulia jambo la maktaba kwa uzito. Sheria ya huduma za maktaba ilitungwa mwaka 1963, miaka miwili tu baada ya uhuru, na Maktaba Kuu ya Taifa ilifunguliwa na Mwalimu Nyerere mwenyewe tarehe 9 Desemba 1967. Musoma kuna maktaba ya mkoa, na kijana aliyeko mjini Musoma aitumie. Ila kutoka Bunda hadi Musoma ni mwendo wa kilomita zipatazo 70, na nauli ya kwenda na kurudi mara tatu kwa wiki inazidi ada ya maombi ya chuo. Tukingoja kila kata ipate maktaba ya umma, vijana wa mwaka huu watakuwa wameshazaa.

Tena hili si geni kwa Kanisa, hasa Kanisa la Mara. Mwalimu alianza shule Mwisenge, Musoma, mwaka 1934, akiwa na umri wa miaka 12. Alibatizwa Nyegina Desemba 1943, mwaka ule ule alioingia Makerere. Alipokuwa akifundisha St. Mary's Tabora, mkuu wa shule, Padre Richard Walsh wa Wamisionari wa Afrika, alimtia moyo aendelee na masomo ng'ambo, na mwaka 1949 akaenda Edinburgh. Tunapomtaja Mtumishi wa Mungu Julius, ambaye mchakato wake ulianzishwa na Jimbo la Musoma, tunakumbuka sala zake na Misa zake za kila siku. Tumkumbuke pia yule padre ambaye, pamoja na kazi zake zote, aliona kumsaidia mwalimu kijana apate nafasi ya chuo kikuu ni sehemu ya utume wake. Na anayefika Mwitongo, Butiama, ataona vitabu alivyoacha Mwalimu. Mtu aliyepewa nafasi alisoma mpaka uzeeni, akatafsiri Shakespeare, akaandika Injili kwa tenzi.

Makoko nako, Musoma, Wamaryknoll waliendesha shule ya Kiswahili kwa wamisionari wageni. Mgeni kutoka Marekani alikaa miezi akifundishwa lugha yetu kabla hajatumwa parokiani, kwa sababu wakubwa wake waliona haifai kumtupa katika kazi bila matayarisho. Mtoto wa Kabasa anayeingia chuo kikuu, mahali ambapo kila kitabu ni cha Kiingereza na kila mhadhara una maneno mapya thelathini, naye ni mgeni nchi ya mbali.

Nimewashirikisha walezi na wenzangu wazo hili, na pingamizi nimezisikia. Ya kwanza ni wizi wa vitabu. Kweli vitabu huibwa, na vingine vimeibwa na watu waliovaa kanzu, tusidanganyane. Dawa yake ni kusoma ndani, begi kubaki mlangoni na daftari la kusaini. Ya pili ina uzito zaidi: seminari ni nyumba ya malezi, ina ukimya wake, haifai kugeuzwa kituo cha vijana. Nakubaliana nayo kwa miezi ya masomo. Lakini ninazungumzia miezi ambayo nyumba haina waseminari, na jengo ambalo mara nyingi lina mlango wake. Isitoshe, frateri atakayekaa wiki mbili akimsaidia binti wa mkulima kuelewa tofauti ya kozi mbili atakuwa amejifunza uchungaji ambao hakuna semina ya darasani inayoutoa.

Ya tatu ni swali la nani aingie. Mkoa wetu una Wasabato wengi, una Wamenonaiti tangu enzi za Shirati, una Waislamu. Wote wanakaa foleni moja kwa mwenye steshenari. Sioni sababu ya kuuliza cheti cha ubatizo mlangoni mwa maktaba. Padre mmoja aliniambia kwamba waamini watalalamika michango yao inawahudumia wengine. Nadhani waamini wetu ni wakarimu kuliko tunavyowadhania, maana jirani Msabato ndiye anayekuja kuchimba kaburi wanapofiwa.

Na ya nne, inayotolewa zaidi na vijana wenyewe: kila kitu kipo kwenye simu. Nimeona kilichopo kwenye simu. Makundi ya ujumbe yanayotangaza kwamba dirisha limefungwa wakati halijafungwa, matapeli wanaoahidi "kusukuma jina" kwa shilingi 50,000, orodha za kozi "zenye ajira" zisizo na mwandishi. Mwongozo halisi upo pia, bure, kwenye tovuti ya TCU, lakini kwa Kiingereza cha kiofisi na majedwali ambayo kioo cha nchi tano hakiyamudu. Simu ni nzuri kwa aliyekwisha kujua anachotafuta.

Gharama ya jambo hili nimejaribu kuipiga hesabu na paroko wangu. Umeme wa kompyuta moja na taa chache. Bando la mwezi. Daftari mbili. Chai, kama WAWATA watakubali, na nawafahamu, watakubali. Mkutubi akiwa likizo, ufunguo ukae kwa mlezi aliyebaki. Mafrateri tunaotoka Bunda na Musoma tunaweza kugawana wiki. Wanne kati yetu tumeshakubaliana, na majina tumempelekea mkurugenzi wa miito. Kwa parokia zilizo mbali na seminari yoyote, tumeomba tuazimwe maboksi mawili ya vitabu vya utangulizi, yakae ofisi ya parokia hadi Septemba, yarudishwe kwa orodha.

Muhula wetu unafungwa Juni, na Bodi ya Mikopo katika baadhi ya miaka nayo hufungua dirisha lake mwezi huo huo. Mwenye kitabu cha mwaka wa kwanza wa chuo, cha somo lolote, ambacho hakitumii tena, akiache kwa katekista wa kigango chake kabla ya Pentekoste, akiandika jina lake ndani ya jalada ili tujue pa kukirudisha.